Mkeka wa Maharagwe Chini ya Ukuta wa Papa

Kabla ya sura za watu, mimi hukumbuka sauti: maganda ya maharagwe makavu yakipasuka, tak, tak, tak, kama mvua inayojaribu bati kabla ya kuamua kunyesha. Ilikuwa Jumamosi alasiri, uani kwetu Butembo, moshi wa kuni za mikaratusi ukitoka jikoni na kutuwasha macho. Mama alizaliwa Vuhovi, na alipoolewa alikuja na masufuria mawili na sheria moja ya kwao: aliyeketi mkekani akiambua maharagwe anaweza kumwambia yeyote lolote, mradi mikono yake isisimame. Mikono ikisimama, basi, zamu yake ya kusema imekwisha. Kazi yake ni kusikiliza mpaka mwenzake amalize. Hapo ndipo kaka yangu Paluku alipomwambia Mama kwamba ugali wake wa siku ile ungefaa kujengea ukuta, naye Mama, bila kuacha kuambua, akamjibu kwamba ukuta huo aliumaliza yeye peke yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilipenda nyumbani kiasi kwamba kutumwa chumvi kwa jirani nilikuona kama safari ya ng'ambo.

Papa, baba yetu, hakuwahi kuketi mkekani. Aliuza mabeseni na masufuria kwa jumla, na mfanyabiashara wa Butembo hukaa kitini. Kiangazi kile kiongozi wa shirika letu, yaani familia za Wakatoliki wa mtaa wetu, alizipa nyumba zote kazi moja: wazazi na watoto wakae pamoja, watafute kinachoishikilia nyumba yao, kisha siku ya sikukuu ya shirika mtoto mmoja wa kila nyumba akiseme mbele ya wote. Papa alirudi na habari hiyo, akaifikiria kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akamwita mchoraji wa mabango ya maduka. Kesho yake sebule nzima ilinuka rangi ya mafuta, na ukutani kulikuwa na maneno mekundu, makubwa kama ya dukani: KAZI, NIDHAMU, SALA. Chini yake mchoraji, kwa mazoea ya mkono wake, aliongeza: GROS ET DÉTAIL. Jumla na rejareja.

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Papa Paluku, kazi ya gros naelewa. Mais sala ya détail, tutauzisha nani?"

Papa hakucheka. "Kahindo ndiye atasoma hayo maneno," alisema. "Kisha mwezi wa tisa anaenda kusoma Beni, kwa shangazi yake." Alisema hivyo huku akitia sukari kwenye chai, na ndivyo nilivyopata habari kwamba ninahamishwa.

Kwa wiki mbili nilikariri ukuta huku nikilia. Kusema na Papa uso kwa uso nisingeweza. Nilikuwa mwoga hata kwa kuku wetu. Niliyajua maneno yangu yote, nilichokosa ni mahali pa kuyasemea. Basi Jumamosi moja niliubeba mkeka, nikautandika katikati ya sebule, mbele ya kiti chake, nikamwaga rundo la maharagwe juu yake. Papa alirudi kutoka sokoni akasimama mlangoni.

"Hii nini tena?"

"Papa, si walisema tutafute pamoja?"

"Ukuta ilisha sema."

"Ukuta haina mikono," Mama akamjibu, naye alikuwa ameshakaa. "Ikaa, Papa Paluku. Suruali tutafua."

Papa aliketi, magoti juu kama panzi. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini vilikumbuka. Niliinamisha kichwa, sauti ikitetemeka, nikayaambia maharagwe: "Papa, mimi hapana penda kwenda Beni. Na hakuna mutu aliniuliza."

Mikono ya wote iliongeza mwendo. Ya Papa ilisimama.

"Papa, mikono!" Paluku alipiga kelele, kwa furaha ya mtu aliyengoja siku hiyo maisha yake yote. "Imesimama! Sasa ni kusikiliza tu!"

Papa alitazama ukutani, pale kwenye NIDHAMU, kana kwamba anaomba msaada. Msaada haukuja. Aliweka mikono magotini, akasikiliza. Nikasema yote: kwamba usingizi wangu hauji nisiposikia Mama akifunga jiko, na kwamba maneno ya ukutani aliyaita yetu sote ilhali aliyaandika peke yake. Nilipomaliza, akachukua ganda jipya, akaanza zamu yake. Alisema kwamba akiwa na umri wangu alipelekwa kwa dada yake huyo huyo, na ndiye aliyemfanya mtu. Sasa watoto wa dada yake wameoa na kuolewa, nyumba imebaki kimya. "Na weye, mutoto, naogopa utazeekea ku jiko kama paka." Hapo mikono iliyosimama ilikuwa yangu. Beseni lilipojaa tulikuwa tumepatana: nitabaki Butembo, lakini kila likizo nitakwenda kwa shangazi.

Siku ya sikukuu watoto wengine walisema upendo, amani, umoja, vizuri kabisa. Nilipoitwa, nilitandika mkeka. Papa aliinuka katika safu ya wanaume, na koti lake la harusi na tai, akaja akaketi. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, zikasikika tak, tak.

"Papa, koti hiyo inakubana," nilisema.

"Inanibana tangu ndoa. Mais mama yako anasema nayo napendeza."

Ukumbi ulilipuka. Kabla ya chakula kugawiwa, baba watatu wengine walikuwa wameketi mkekani na watoto wao, na maharagwe yakaisha.

Leo ukuta umepakwa rangi mara mbili, na kila mara Papa ameagiza GROS ET DÉTAIL ibaki. Amezeeka, ndiye anayeongea kuliko sote mkekani. Mimi bado niko nyumba ile ile, paka wa jikoni kama alivyotabiri. Siku hizi maharagwe huuzwa yameshaambuliwa, na mikono ya watoto imejaa simu. Mimi huagiza yenye maganda kwa mama mmoja wa Vuhovi, ambaye ananiona kichaa. Jumamosi iliyopita binti yangu Masika, miaka kumi na mmoja, alisema bila kuacha kuambua: "Mama, mimi napenda kwenda kusoma Beni." Nilikuwa na hotuba tayari, juu ya barabara, juu ya malaria, juu ya chakula cha watu. Papa akanitazama, meno machache yote nje.

"Kahindo," akasema. "Mikono."

Nilitazama chini. Kweli ilikuwa imesimama. Siku ile sauti yangu ilitetemeka. Ya Masika haikutetemeka hata kidogo. Nikaweka mikono magotini, nikasikiliza.