Siku Mama Aliyetengwa Alipojibiwa

Mama yangu alitengwa na kijiji kizima kwa sababu ya ndoo ya maji. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu, na mmoja wao akakataa mzigo wa kijiji chetu, huku karibu na Lalago, akidai umenyunyiziwa maji ili uzidi uzito. Ndipo mtu akakumbuka kumwona mama akipita nyuma ya ghala la kijiji na ndoo kichwani. Kana kwamba wanawake wengine walibeba maji mfukoni! Uvumi ukasambaa, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakatoa adhabu: asisalimiwe, asipewe hata kaa la moto, na atakayeongea naye atengwe pia. Akitaka kusamehewa, achinje ng'ombe awalishe wazee. Mama alikataa katakata, maana kuchinja ni kukiri.

Sisi watoto wake hatukuhesabiwa katika katazo hilo. Lakini mama ni msemaji wa kuzaliwa, na kimya kile kilimkondesha. Ilifika mahali akawa anawasimulia kuku.

Mnunuzi mwingine, ili awavute wakulima, akaleta televisheni, deki ya video na jenereta ghalani kwake. Mchana kweupe aliziba madirisha kwa magunia, akatuonyesha filamu isiyo na rangi, watu wote wamevaa kofia, karani wake akitafsiri. Yeye alikuwa mgeni, hakumzuia mama. Mama akakaa nyuma peke yake, juu ya pamba.

Filamu ilihusu mwenye duka wa mji mdogo wa Wazungu. Mkewe haonekani, na majirani wananong'ona kwamba kamuua.

"Kamuua huyo!" alisema mtemi, mkuu wa sungusungu wetu. "Angalieni anavyojifuta jasho."

"Hajaua mtu," sauti ya mama ikatoka nyuma. "Mwanamke karudi kwao. Hamwoni hata sanduku lake halipo?"

"Kwao wapi, mayu? Mbona wazazi wake hawajaja kusema?"

Basi, mtemi mwenyewe kamjibu! Jirani yetu akamuunga mkono mama, wengine wakampinga, na muda si mrefu ghala zima lilikuwa linabishana naye. Mke wa mtemi alimwita mbishi, na sijapata kumwona mtu akifurahia kusemwa kama mama siku ile.

Jenereta ikaishiwa mafuta kabla ukweli haujajulikana. Magunia yalipoondolewa madirishani watu wakatazamana. Kwa sheria yao wenyewe, kijiji kizima kilikuwa kimetengwa, na hakubaki wa kumnyima mwenzake moto. Mmoja akaanza kucheka, kisha wote.

Hata hivyo hakuna aliyetamka kwamba adhabu imekwisha, na mama alilala hajui.

Asubuhi mtemi akafika nyumbani. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa lugha ya kwetu, akiangalia chini.

Mama aliitikia. Akamuuliza habari za mkewe, za watoto mmoja mmoja, za ng'ombe, za shamba, za mvua. Mtemi alisimama juani akajibu zote.

Alipoondoka, mama alikaa chini akalia kwa sauti. Niliogopa, nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Nimesalimiwa."