Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuwahi kumpakia mke wangu katika gari la serikali. Miaka yote niliyotumikia Lodwar watu walinisema kwa hilo, na baadhi yao wananisema hadi leo. Gari lile lilikuwa mali ya umma. Kila safari yake iliandikiwa sababu, na kumpeleka mama sokoni hakukuwa miongoni mwa sababu zilizoruhusiwa. Nilimpita barabarani akiwa nyuma ya bodaboda, mimi nimekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, tukapungiana mikono kwa heshima. Ningerudishwa kazini kesho, ningefanya vivyo hivyo.

Ila nilimwahidi jambo moja: nikistaafu, nitamwendesha mimi mwenyewe, katika gari letu, popote atakapo.

"Wewe?" aliuliza. "Umewahi kuendesha nini?"

Swali hilo liliniudhi sana, hasa kwa kuwa jibu lake lilikuwa: sijawahi kuendesha chochote. Nilikuwa na dereva wa ofisi. Hata siku gari letu dogo kuukuu lilipoletwa nyumbani, nilifungua mlango wa nyuma wa kushoto, nikaketi, nikatulia. Mke wangu alinitazama kupitia dirisha la jikoni.

"Mzee, unamngoja nani?"

Kisha binti yetu, ambaye anafanya kazi Kakuma, akajifungua, na siku ya kumbatiza mtoto ikapangwa. Mke wangu alitangaza kwamba hatapelekwa huko na mtu mwingine yeyote, maana ahadi ni ahadi. Wala hataingia katika gari langu kabla sijapata leseni. "Si wewe ndiye mtu wa kanuni?" Nikajiandikisha katika shule ya udereva.

Mafunzo ya darasani yalinifaa. Tulizunguka meza iliyochorwa mji mdogo, wenye mizunguko, taa na reli, kila mmoja akisukuma kigari cha plastiki kwa kidole huku akieleza anachofanya. Nilikuwa hodari. Hata hivyo nilikuwa na malalamiko, nami sina desturi ya kumeza malalamiko.

"Mwalimu, reli hii iko wapi hapa Turkana?"

"Haiko, mzee." Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mwenye umri wa kitindamimba wangu, mzaliwa wa Kitale, na hakuna kilichomshtua.

"Na mbuzi? Ngamia je? Mbona hawamo mezani?"

"Mbuzi hawaulizwi kwenye mtihani."

"Basi mtihani huo una kasoro."

Vijana wa bodaboda niliosoma nao walicheka hadi wakashikilia meza, na tangu siku hiyo wakaniita Mkaguzi.

Gari lenyewe halikusukumwa kwa kidole. Nikiachilia klachi, lilirukaruka kisha likazima. Nikiwasha tena, likazima tena. Nilieleza kwa ufasaha kila nilichokusudia kufanya, na gari halikusikiliza hata neno moja.

"Mzee, hii gari haijui cheo chako," mwalimu akasema. "Inua mguu polepole. Polepole zaidi. Kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto."

Nilimaliza siku nyingi katika uwanja ule wa vumbi nje ya mji, nikiwasha taa ya kuashiria kila nilipokata kona, ingawa hapakuwa na gari lingine hadi upeo wa macho. Akina mama waliopita na mizigo ya makaa vichwani waliniita kwa furaha, "Ejok, dereva!" Niliwajibu salamu yao, gari likazima. Lakini asubuhi moja nilihisi kitu chini ya wayo wangu: mahali klachi inaposhika, mtetemo mdogo kabisa, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Nikasubiri. Nikaongeza mafuta. Gari likaondoka laini kabisa. Nilizunguka uwanja mzima nikiimba kwa sauti, mimi ambaye ofisini hakuna aliyewahi kunisikia hata nikinong'ona wimbo.

"Sasa wewe ni dereva," mwalimu akasema. "Sasa twende mchangani."

Mchanga ulikuwa katika laga, mto mkavu kwenye njia ya Lorugum. Maagizo yalikuwa machache: gia ya pili, mguu usiotikisika, usishindane na usukani, na usisimame. Niliingia vizuri. Katikati nikaona mbuzi wakikaribia kutoka kulia, nami, kwa kuzingatia haki za watumiaji wengine wa barabara, nikasimama. Magurudumu yakazama.

Wanawake waliokuwa wakiwachunga walikuja kutusukuma, wakicheka bila huruma. "Babu! Mbuzi ndio hungojea gari! Nani alikufundisha kungojea mbuzi?"

"Mzee, huku fikiria ukiwa ukingoni," mwalimu akaniambia, mchanga umemjaa kichwani. "Ukishaingia, nenda tu."

Nilienda, siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka wanawake wale wakakosa la kucheka. Mtihani nao nikaupita. Mke wangu aliigeuza leseni yangu kwenye mwanga, akalinganisha picha na uso wangu, kisha akakubali kwamba ni halali.

Jumapili ya ubatizo alitoka nyumbani akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, imepigwa pasi vizuri. Nilikuwa nimempangusia kiti cha mbele. Akakipita, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaketi.

"Dereva, tuondoke."

Barabara ya lami hadi Kakuma ilikuwa nzuri na asubuhi ilikuwa na upepo. Nyuma yangu mke wangu alitawala. "Punguza mwendo, huyu namjua, nataka anione." "Ngamia hao, dereva, usiwapigie honi, ni wageni wetu." Sikumbuki kuwa na mkubwa msumbufu kama yule katika utumishi wangu wote, wala niliyefurahia zaidi kumtii.

Kanisa lilikuwa ng'ambo ya laga. Waumini, Wakenya pamoja na wakimbizi wa Sudan Kusini, walikuwa wamesimama ukingo wa pili wakipiga ngoma, na binti yetu akiwa na mtoto mbele yao. Nilisimamisha gari juu ya mteremko. Mchanga ulikuwa mpana kuliko wa Lorugum.

"Mama," nikasema, "tunaweza kuvuka kwa miguu. Si aibu."

Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa, nikajua ahadi yangu imeishia pale. Kisha mlango wa mbele ukafunguka. Akaketi kando yangu, akafunga mkanda.

"Ulisema utaniendesha. Niendeshe."

Nikafikiria nikiwa ukingoni. Gia ya pili. Tukashuka. Usukani ukaelea mikononi mwangu nami nikauacha uelee. Mbuzi wakatokea kulia, wakasimama wao. Mchanga ulivuma chini yetu kama mvua, kisha pua ya gari ikainuka, magurudumu yakashika ardhi ngumu, na vigelegele vikatupokea pande zote.

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Tumefika?"

"Tumefika."

"Sikuona kitu." Akafumbua macho, akatazama nyuma tulikotoka. "Geuza gari."

"Ibada inaanza!"

"Mtoto mwenyewe bado amelala. Geuza, mzee wangu. Tuvuke tena."

Maisha yangu yote sikuwahi kuruhusu gari litembee bila sababu. Niligeuza. Tulipoingia tena mchangani hapakuwa na sababu hata moja ambayo ningeweza kuiandika mahali popote, na mke wangu alikuwa ameteremsha kioo, akiwapungia mkono mbuzi.