Bi Sophia Apata Sarafu Yake

Bi Sophia, mkunga wetu, alizalisha nusu ya Kariakoo. Nusu nyingine walimwogopa, wakatoka wenyewe. Mwaka mmoja Jangwani kulifurika, akavuka amekaa ndani ya beseni, anapiga makasia kwa mwiko. Asiyeamini akaulize vyura.

Basi enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nyumba anataka ghorofa. Nyumba aliyopanga Bi Sophia ikauzwa, akasema anarudi kwao Matombo, Morogoro. Tukaona haya: aondoke hivihivi, kama mgeni? Nikageuza sarafu mkononi: huku mwanamume, huku mnyama. Nikasema, "Mashoga, serikali imetusahau wanawake. Tufue sarafu yetu, yenye sura yake."

Hamdiya, Mwarabu wa duka la kanga, akatoa bangili ya fedha. Nayna, jirani yetu Mhindi, akatoa kikuku. Mimi nikatoa pete ya mume wangu wa pili, maana wa kwanza hakuwahi kutoa kitu. Mume wa Nayna, Shashikant, ni sonara. Kila Diwali hufua sarafu zenye sura ya mungu wao wa kike.

"Nitafua," akasema, "lakini uso niuone vizuri."

Hapo ndipo pagumu. Bi Sophia akiona kamera hujifunika gubigubi, na safari ni kesho. Nikamkimbilia: "Bi Sophia! Nayna kashikwa na uchungu!"

Nayna ana wajukuu! Lakini mkunga akiitwa haulizi umri. Akaja mbio, beseni kichwani, akamkuta Nayna kalala mkekani dukani kwa mumewe, anaguna huku anabana kicheko. Akamwinamia: "Sukuma, mwanangu! Sukumaa!" Nyuma ya kaunta, Shashikant anachora.

Ndipo Bi Sophia akalipapasa tumbo. "Nyie! Hapa hamna mtoto, hapa pana dengu!"

Tulicheka mpaka Hamdiya akakaa chini.

Asubuhi, pale Mnazi Mmoja kwenye basi la Morogoro, tukampa sarafu yake. Akanuna. "Ndo mmeniweka domo wazi hivi?"

Tukajua ataitupa. Hamdiya akamshika mkono. "Shoga, ndivyo wanetu wote walivyokuona mara ya kwanza."

Bi Sophia akaitazama. Akaifuta kwa kanga, akaitazama tena, akapanda basi. Mara tukamsikia ndani:

"We konda! Mwambie dereva aende taratibu. Mmebeba mtu wa kwenye sarafu!"