Mikono ya Shakirah

Zubaida alikuwa akipepeta mchele, Jumanne mchana, alipomwona mdogo wake kwenye televisheni. Shakirah alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Lakini pale kwenye kioo alikuwa ameketi mkekani, ushungi wa manjano kichwani, anashona kawa ya kufunikia chakula. Kilikuwa kipindi cha zamani juu ya kazi za mikono za Wanubi, na Zubaida hakujua kabisa kwamba mdogo wake aliwahi kupigwa picha. Kabla hajaweka ungo chini, mikono ile ilishapita, akaonyeshwa mtu mwingine anafinyanga chungu. Mwishoni mtangazaji alisema kipindi kitarudiwa Jumamosi alasiri.

Ndugu hao wawili walishona kawa tangu utotoni, hapa hapa Namuwongo, nyumba ikitetemeka kidogo kila treni ikipita. Lakini pindo la mawimbi, ule ukingo wa kawa unaopanda na kushuka, lilikuwa la Shakirah peke yake. Familia za maharusi zilitoka mbali kulitafuta. Alimwahidi dada yake atamfundisha msimu wa harusi ukipoa, na msimu ulipopoa alikuwa kitandani. Zubaida alijaribu mwenyewe mara nyingi. Pindo lilikunjamana kama jani lililokauka.

Jioni ile alimwita Ondiek, Mkenya anayefunga dikoda za kebo mtaani.

“Mwanangu, sitaki kipindi hiki kipite tena. Nataka kibaki.”

“Dikoda yako inaweza kurekodi, mama, ila haina pa kuweka. Tutaichomekea diski ya nje.”

Kesho yake alileta diski nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, akaiunganisha kwa waya nyuma ya dikoda. Kioo kikauliza kama kila kitu kilichomo diskini kifutwe. Zubaida alimshika mkono.

“Inafuta nini?”

“Hii ni mpya, mama, haina kitu. Dikoda inaiandaa kwa namna yake. Na ujue, kitakachoingia humu utakitazama kwa dikoda hii tu. Kwa jirani hakitafunguka.”

“Sina haja ya kukipeleka popote,” alisema, akaachia mkono.

Ondiek akatafuta Jumamosi kwenye orodha ya vipindi, akabonyeza rimoti. Alama ndogo nyekundu ikatokea kando ya jina la kipindi.

Jumamosi umeme ulikatika adhuhuri. Mvua ilinyesha, chumba kikawa cha kijivu, na Zubaida alikaa mbele ya kioo cheusi. Umeme ulirudi zikiwa zimebaki dakika chache kipindi kianze. Kipindi kilipoanza alitazama tu taa nyekundu iliyowaka kwenye dikoda ikirekodi. Aliogopa kumtazama Shakirah, asije akamchosha, kana kwamba picha huchakaa kwa kutazamwa.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, alifunga mlango, akafungua rekodi. Mikono ilipotokea, akabonyeza rimoti, ikasimama. Sindano ilikuwa nusu ndani ya ukili, utepe wa majani uliosukwa. Akasogea karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kiooni, akaachia picha isogee kidogo. Sindano haikupita juu ya safu iliyotangulia, kama alivyokuwa akifanya yeye. Ilipita chini, ikaibukia nyuma, na uzi wa zambarau ukalala wenyewe.

Akachukua kawa yake, akaanza. Alishona mshono mmoja, akaachia picha isogee kidogo, akaisimamisha tena, akashona wa pili. Nje watu walinunua na kuuza, sauti zao zikamfikia kama zinatoka chini ya maji. Mara mbili alifumua. Mara ya tatu wimbi likainuka, likashuka, likainuka tena, laini.

Hapo akaiacha picha iende. Shakirah aliinua uso, akamtazama mpiga picha aliyesimama mbele yake.

“Kaka,” alisema kwa upole, “nipishe, unanizibia mwanga.”

Zubaida, aliyekuwa amekaa kati ya dirisha na kioo, akavuta kigoda chake pembeni kumpisha.