Matawi Nyuma ya Pikapu

Miaka ya wakimbizi, hakuna gari lililoruhusiwa kuvuka msitu wa Biharamulo peke yake. Magari yalikusanyika kizuizini asubuhi na kuondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma. Siku ile tulitoka Nyamigogo, tukapata pancha, tukakuta msafara umekwenda. Shangazi alikuwa amekaa kando yangu, mapajani kitenge kipya cha kumfunika mdogo wake, aliyekuwa azikwe Rulenge saa tisa mchana. Alimweleza askari wa kizuizini hayo yote. Askari akampa pole, akasema tungoje msafara wa kesho.

Niligeuza gari kama mtu anayetii, kisha nikaingia njia ya zamani ya wapasua mbao. Njia niliijua. Sikujua mvua ya juzi ilikuwa imeifanya nini pale inapopita kando ya bwawa la mafunjo. Gurudumu moja la nyuma lilizama, nikakanyaga mafuta, likazama na la pili. Ilikuwa saa nne. Mlango wa Shangazi ulibanwa na tope, akatokea wa kwangu. Mafunjo yalisimama juu kuliko gari, pande zote mbili, na mbele miti ilikuwa imefungamana juu ya njia. Hata upepo haukupita.

Nilifanya anachofanya kila dereva: nikakata matawi, nikayapanga barabarani hatua thelathini nyuma ya gari, ili anayekuja ajue kuna gari limekwama.

Saa sita ikatokea Landrova, mkwepaji mwenzetu. Ilipoyaona matawi ikasimama. Nikatoka mafunjoni nikipunga panga. Ikarudi kinyumenyume mpaka ikapotea kwenye kona, nami nikadhani dereva anatafuta mahali pa kugeuzia. Tulisikiliza muungurumo wake mpaka ukaisha.

Shangazi aliyatazama yale matawi kwa muda.

"Mwanangu, majambazi husimamisha magari kwa kitu gani humu?"

Husimamisha kwa matawi.

"Hata mimi ningekukimbia," akasema.

Aliniamuru nifiche panga na niketi garini, mikono juu ya usukani. Akayaondoa matawi moja moja, akayasokomeza chini ya magurudumu. Kisha akatandika kitenge kwenye tope, katikati ya njia, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imechoka, akakaa hapo aonekane.

Ilipita saa nane ndipo wakaja wanaume watatu na baiskeli za ndizi. Mmoja alimwamkia shikamoo akiwa mbali, apime kwanza sauti itakayomjibu.

"Marahaba. Njooni tu. Huyo wa garini hana hata ubavu wa kuiba kuku."

Walisukuma wakicheka, pikapu ikapanda juu ya matawi na kutoka.

Tulifika Rulenge saa kumi na moja jioni. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, hata majembe yameoshwa. Shangazi alisimama hapo na kitenge kikiwa kimekunjwa, tope kwa ndani.

Alikifua siku ya tatu. Alikivaa mwenyewe kwa miaka mingi, na sikumsikia hata mara moja akiitaja ile njia.