Mtu wa Kumi na Moja

Shemeji yangu Idd ana miaka sabini na mbili, na sijapata kumsikia akisema uongo isipokuwa ule wa kumsifu mpishi. Alisimamia upakiaji katika bandari ya Al Hamriya mpaka alipostaafu. Hata leo, kila asubuhi huvaa kanzu iliyopigwa pasi, huchukua chupa yake ya chai ya tangawizi na kwenda kukaa na vijana wa pale awasimulie mpira. Si huu wa kwenye televisheni. Ni mpira wa mchangani wa Nyota ya Hamriya, timu ya vijana wa Kizanzibari waliohamia Dubai, na fainali ya mwaka 1976 ambamo yeye, mlinda mlango, aliokoa penalti mbili, ya pili kwa goti.

Vijana walicheka sana na hawakumwamini hata kidogo. Rama, mpakiaji kutoka Tanga, alimpa jina la Kipa wa Chai. Jina likatoka bandarini, likaingia kwenye harusi za jamaa, na siku moja mtoto wa watu akamwita hivyo mbele yangu. Niliumia. Marehemu mume wangu, kaka yake Idd, ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ile, na katika nyumba yetu hajawahi kuitwa mtu muongo.

Kwa hiyo klabu moja kongwe ya Oud Metha ilipofungua makumbusho ya wanamichezo wa zamani na kuomba picha, nilitoa ya kwetu. Ilikuwa picha ya siku ya kombe. Kwa zaidi ya miaka arubaini ilitundikwa katika chumba changu cha wanawake, ambako kila Alkhamisi niliwasomesha, na ambako Idd, kwa heshima yake, hakukanyaga. Niliitoa msumarini, nikaipangusa kioo, nikaipeleka na fremu yake.

Idd akatangaza bandarini: "Ijumaa baada ya sala, twendeni Oud Metha. Nisipokuwemo katika picha ile, niiteni Kipa wa Chai mpaka kaburini."

Walikuja wawili, Rama na rafiki yake Linus, Mkenya anayelinda ghala. Nami nikaenda. Idd alitembea mle ndani kama mtu aliyealikwa karamuni. Alisimama kwenye kila kabati la kioo, akayasalimia makombe, akavilaumu viatu vya zamani kwa njumu zao za misumari. Fawaz, msimamizi kijana ambaye mama yake ni mtu wa Unguja, alimfuata nyuma akitabasamu. "Babu, wewe ndiye ungetutembeza sisi."

Kisha tukafika kwenye picha. Wanaume walisimama safu moja, mikono mabegani mwa wenzao, mume wangu katikati na kombe kifuani. Picha iliishia viunoni mwao.

Rama akaanza kuhesabu kwa kidole. "Kumi. Mzee Idd, mlicheza pungufu?"

"Na si mzee alisema ako kwa hii picha?" Linus akauliza. "Huyu ni nani? Si wewe. Huyu? Si wewe."

"Golini alikaa malaika," Rama akasema. "Yalla, Kipa wa Chai, twende tukanywe chai."

Idd hakucheka. Alisogeza miwani, akaikaribia picha mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Nilikuwepo," alisema polepole. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Au labda ilipigwa siku nyingine. Shemeji, siku hizi nasahau mambo."

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa bi harusi wa mwezi mmoja, mwalimu mpya, nikitengeneza chumba cha kupokelea wanawake wenye heshima zao. Picha ilikuwa nzuri, lakini chini ya viuno zilikuwa bukta za zama zile, fupi kuliko subira yangu, na mapaja ishirini yakitazama mahali watakapokaa wageni. Nikaikunja nusu ya chini kwa nyuma, nikaitia kwenye fremu, nikafunga. Kilichokuwemo chini zaidi ya mapaja sikukifikiria tena.

Ningeweza kunyamaza na kumwambia Idd nyumbani, faragha, nikabaki na hadhi yangu. Lakini alikuwa ameshavua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi.

"Fawaz, mwanangu," nikasema, "ifungue fremu hiyo."

"Bibi, hairuhusiwi bila idhini ya mwenye picha."

"Mwenye picha ni mimi. Na aliyeiharibu pia ni mimi."

Nikawaeleza yote, mbele ya watu. Fawaz alivaa glovu, akaing'oa mbao ya nyuma, akaikunjua karatasi taratibu juu ya meza. Yakatoka mapaja. Na mbele ya miguu ya wenzake, amelala ubavu mchangani kama walivyopenda kupigwa picha makipa wa wakati ule, mpira tumboni, bendeji gotini, alikuwa Idd, akicheka meno yote nje.

Rama alitazama bendeji, akatazama goti la mzee. "Mzee, nisamehe. Lakini nywele zote hizi zilikwenda wapi?"

"Zilibaki golini," Idd akajibu, na sauti yake ilikuwa imerudi.

Fawaz akaniuliza airudishe vipi. Nikamwambia aiache wazi, miguu na yote, na chini aandike majina kumi na moja.

Siku hizi bandarini wanamwita Goti, jina ambalo silipingi. Nilipowapeleka wanawake wangu wa Alkhamisi makumbusho, Idd alikuwa pale akiwasimulia wageni. Alinyoosha mkono kwangu bila haya: "Na huyu ndiye shemeji yangu, aliyenikunja miaka arubaini." Hadijah, rafiki yangu wa tangu ujana, hakumsikia. Alikuwa amekisogelea mno kioo cha picha.

"Hadijah," nikamwambia, "kipa yuko chini."

"Nitafika," akasema. "Nashuka polepole."