Mabakuli ya Ardith Clemmons

Katika mji ule mdogo wa Arkansas, mtu akifa huitwa watu wawili kabla hata ya mchungaji: mwenye gari la maiti na Ardith Clemmons. Wa kwanza huja na jeneza. Ardith huja na kuku.

Ardith kuku anawajua. Alikata mapaja yao kiwandani mpaka vidole vikapinda, akamzika mumewe Doyle, wanawe wakahamia mbali, akabaki na ufunguo wa jiko la kanisa la Wabatisti. Kila Jumatano jioni kina mama waliingia ukumbini na mabakuli yao ya chakula, kila moja limebandikwa utepe chini wenye jina la mwenyewe, maana watu hawa watakusamehe uzinzi lakini si kuwapotezea bakuli. Nani ale? Aliyefika. Hiyo ndiyo sheria pekee Ardith aliyowahi kuitunga.

Kiangazi kile shemasi Garland Tuttle akapata ufunuo. Garland huuza matrekta, na huongea kama mtu anayeshindana na injini. Aliisimamisha bendera ya taifa mbele ya meza ya chakula, msalaba wa ukutani ukabaki unachungulia kwa nyuma. Kisha akatunga kiapo: Marekani ni taifa la Kristo, na asiyeliapia hana sehemu mezani pa Kristo. Mchungaji alipoulizwa alisema bado analiombea jambo hilo. Tafsiri yake: anamwogopa Garland.

"Bi Ardith," Garland alimwambia jikoni, "asiyeapa hapewi sahani. Ukiona shida, ufunguo huo una watu wengi wanaoutaka."

"Wanaoutaka ni wengi, Ndugu Garland. Anayetaka kusugua masufuria sijamwona."

Alitania, lakini mkono mfukoni uliubana ufunguo. Tangu Doyle afe, jiko lile ndilo lilikuwa mahali pekee anaposubiriwa na mtu.

Jumatano ikafika. Foleni ikapangwa, Garland akaongoza kiapo, na katikati ya sauti zile Eulalia, mjane kutoka Guatemala anayekata kuku kiwandani kulekule, akasimama kimya na wanawe wawili.

"Mama, apa au toka kwenye foleni," Garland akasema.

"Mimi nimeshaapa," Eulalia akajibu, akiyatafuta maneno moja moja. "Kwa Yesu. Siku ya ubatizo."

"Basi toka."

Eulalia akawashika watoto mikono. Ardith akaweka kijiko chini.

"Garland, nyumbani kwangu kuna bendera imekunjwa pembe tatu. Nilipewa na jeshi pale kaburini kwa Doyle. Naifuta vumbi mwenyewe, na wimbo wa taifa ukipigwa nasimama hata goti likilia. Naipenda nchi hii kuliko unavyopenda kuitangaza. Lakini bendera haikusulubiwa kwa ajili yangu."

Garland akanyoosha kiganja. "Ufunguo, Bi Ardith."

Akampa. Kisha akainua bakuli lake la kuku na wali, akachungulia utepe wa chini kuhakikisha, na kuanza kutembea. "Eulalia, nishikie mlango. Huyu kuku ni wangu."

Nyuma yake maharage yakaondoka. Mkate wa mahindi ukafuata. Kina mama waliinua mabakuli juu kama watu wanaokagua matairi, wakasoma majina yao, wakatoka mmoja mmoja.

"Dada zangu, hicho ni chakula cha kanisa," Garland akalalama.

"Kanisa ndilo hili linalotoka," akajibiwa mlangoni.

Wa mwisho alikuwa mkewe, Nedra, na jeli yake ya kijani iliyogandishwa, yenye karoti ndani, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukigombania.

"Nedra, hata wewe?"

"Inayeyuka, Garland. Wewe unahutubu tu."

Nje wakashusha milango ya nyuma ya pikapu, zikawa meza. Eulalia akaombea chakula kwa Kihispania, ombi refu lenye majina ya watu wengi. Wengine hawakuelewa kitu mpaka Amina, na Amina hiyo ikatikisa vioo vya magari. Ardith alihesabu moyoni alichopoteza, akakuta ni mlango tu.

Dirishani Garland alisimama na bendera, na ufunguo wa jiko lisilo na chakula. Harufu ya kuku ilimfikia. Baada ya muda akatoka, akashika mkia wa foleni, kofia mkononi.

"Niseme nini, Ardith?" akauliza alipofika mbele.

"Sema kama unataka paja au kidari."

"Paja."

Akampakulia mapaja mawili, na jeli ya mkewe juu yake. Garland akaweka ufunguo kando ya bakuli. Ardith akaufuta mafuta kwa aproni, akaurudisha mfukoni, akaita anayefuata.